Aliyechora Ndiye Anayekwenda Saiti

Ofisi yetu ya usanifu majengo haijawahi kuzidi watu kumi. Iko mjini na kazi zake ni za mjini: nyumba iliyobanwa kati ya nyumba mbili, duka linaloongezewa ghorofa juu, zahanati kwenye kiwanja chembamba, jengo kuukuu linalotafutiwa matumizi mapya. Niliingia pale nikiwa mwanafunzi wa mafunzo kazini, nikabaki, na leo ni mmoja wa wabia. Vijana wanaomaliza chuo huniuliza ofisi ndogo inawezaje kudumu mbele ya kampuni kubwa zenye mashine za kila aina. Wengi hutegemea nitaje kipaji, au kujuana na watu. Mimi huwaambia kwamba kwetu aliyechora ukuta ndiye anayekwenda kusimama pale unapojengwa, na fundi akikwama humpigia yeye moja kwa moja. Mengine yote yanatokana na hilo.

Mwanzilishi wetu tunamwita Mzee. Ana sheria moja ambayo hajawahi kuilegeza hata kazi ikituzidi vipi: hakuna mchoro unaotoka ofisini bila herufi za majina ya watu wawili kwenye jedwali la kona, aliyechora na aliyekagua, na wawe watu wawili kweli. Kijana mpya anapoingia, Mzee humweka chini mapema kabisa na kumsimulia kisa cha hoteli ya Hyatt Regency ya Kansas City, Marekani. Nimekisikia mara nyingi na bado huacha ninachofanya nikasikiliza.

Ukumbi wa hoteli ile ulikuwa na vivuko vya watu vilivyoning'inizwa kwa fito za chuma kutoka juu. Cha ghorofa ya nne kilikaa sawasawa juu ya cha ghorofa ya pili. Michoro ya mwanzo ilionyesha fito ndefu zinazoshuka moja kwa moja, zikipita kwenye kivuko cha juu hadi cha chini. Fito za namna hiyo ni usumbufu, maana lazima zikatwe hesi, ile mifereji ya skrubu, sehemu ndefu ili nati ipande mpaka mahali pake. Basi zikagawanywa: seti moja kutoka juu hadi kivuko cha ghorofa ya nne, na seti nyingine kutoka kivuko hicho hadi cha ghorofa ya pili. Ukiitazama karatasi, tofauti ni ya sentimita chache tu. Lakini fikiria watu wawili wanaoning'inia kwenye kamba moja, mmoja juu na mwingine chini. Kamba inawabeba wote, ila mikono ya kila mmoja inambeba yeye peke yake. Sasa wa chini aiache kamba amshike wa juu miguu. Ndicho kilichotokea: maungio ya kivuko cha juu yakawa yanabeba vivuko viwili. Badiliko hilo lilipita kwenye michoro ya kiwanda kilichotengeneza vyuma, likagongewa mhuri, na hesabu ya maungio yale haikupigwa. Jioni ya Julai 17, 1981, ukumbi ukiwa umejaa watu kwenye dansi, vivuko vyote viwili vikaanguka. Walikufa watu 114. Wahandisi waliohusika walinyang'anywa leseni.

Mzee akifika hapo hutoa kalamu, akachora fito za aina zote mbili kwenye karatasi chakavu, akaisogeza mbele ya kijana.

"Mwanangu, nati hii imebeba nini?"

Haendelei mpaka ajibiwe. Akijibiwa sawasawa, humwuliza swali la pili: badiliko likikujia kwa simu saa kumi na moja jioni, fundi anasema ni dogo tu, utamwambia nini? Jibu analolitaka ni fupi: "Nitakuja nilione." Ofisi kubwa ina idara ya kupokea mabadiliko, ina fomu na mfumo wa namba. Sisi hatuna idara, lakini anayepokea simu anaijua nati ile kwa kuwa ameichora mwenyewe, na anaweza kufika saiti kabla giza halijaingia. Hiyo ndiyo nafuu kubwa ya udogo wetu, na tukiipoteza hatuna nyingine ya kuiziba.

Zile herufi kwenye kona zina maana nyingine pia. Majengo hupewa jina la mtu mmoja kirahisi sana. Mwaka 1991 Tuzo ya Pritzker, ambayo ndiyo kubwa zaidi kwa wasanifu majengo duniani, ilikwenda kwa Robert Venturi peke yake, ilhali mkewe Denise Scott Brown, mzaliwa wa nchi ambayo leo ni Zambia, alikuwa mbia wake ofisini kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka 2013 wanafunzi wa Harvard walianzisha ombi la kutaka naye atambuliwe. Maelfu ya watu walitia saini, na kamati ya tuzo ikakataa. Nilikisoma kisa hicho nikiwa kijana, na kiliniuma. Ndiyo maana mteja anaponisifu mbele za watu kwa jengo fulani, huwa namtajia aliyechora ngazi na aliyekaa na fundi kwenye paa. Sifanyi hivyo kwa unyenyekevu. Anapaswa kujua ampigie nani litakapovuja.

Aliyechora ngazi, kwa sehemu kubwa ya majengo yetu, ni mchoraji wetu mkongwe. Hana shahada ya usanifu. Alianza enzi za meza ya mshazari, wino na karatasi ya kupenyesha mwanga, pale ambapo mstari uliokosewa ulikwanguliwa kwa wembe polepole ili karatasi isitoboke. Kompyuta ilipokuja aliijua kabla ya Mzee. Lakini mkono wake ulikwisha kuzoea kufikiri kwanza kabla ya kuvuta mstari, na tabia hiyo haikumtoka.

Yeye ndiye aliyenifundisha ngazi. Kuna kanuni ya François Blondel, Mfaransa wa karne ya 17: chukua kimo cha kidato mara mbili, jumlisha na upana wa kukanyagia, na jibu liangukie kati ya sentimita 60 na 64, hapo mguu wa mtu mzima utapanda bila kutafuta. Kutoka sakafu hadi sakafu pakiwa na sentimita 306, ukigawa kwa vidato 18 unapata 17 kila kimoja. Mara mbili ni 34, ongeza upana wa 28, unapata 62. Hilo lipo vitabuni. Ambalo sikulikuta kitabuni ni swali lake la kila mara anapoongea na saiti: "Fundi, sakafu mnamalizia na nini?"

Nilimwona akiliuliza kwenye jengo la ghorofa mbili, mbao za kumwagia zege la ngazi zikiwa tayari zimefungwa na nondo zimelazwa ndani. Fundi akamjibu kwamba sakafu za vyumba zitapata saruji ya kusawazisha pamoja na vigae, jumla sentimita tano, na vidato vitapata malizio ya sentimita tatu. Mchoraji akatoa futi, akapima kidato cha kwanza, akapima cha mwisho, kisha akaandika kwenye ubao wa mbao kwa penseli ya kapenta ili wote waone. Zege likimwagwa hivi, kila kidato kikiwa na kimo cha sentimita 17, siku ya vigae sakafu ya chini itapanda kwa tano na kidato cha kwanza kwa tatu, kwa hiyo kidato cha kwanza kitabaki na kimo cha 15. Juu, sakafu itapanda kwa tano na kidato cha chini yake kwa tatu, hivyo cha mwisho kitakuwa 19. Katikati kote ni 17. Mtu akipanda vidato vichache mguu unakariri kimo, na kidato kinachotofautiana ndicho kinachomwangusha. Anaangukia juu kabisa, pabaya zaidi.

Fundi alikitazama kile kijedwali cha penseli kimya, akaita vijana wake, wakalegeza mbao za juu na za chini. Ilikuwa kazi ya mchana mmoja. Zege likishakauka ingekuwa kazi ya nyundo na patasi, au kuyaacha mambo yalivyo na kuomba Mungu. Tangu siku hiyo kila mchoro wetu wa ngazi una mistari miwili, wa zege tupu na wa malizio, na vimo vyote viwili vimeandikwa. Mkadiriaji majenzi, yule anayepima kazi na gharama zake, tunayefanya naye kazi alituambia kwamba mistari hiyo humsaidia hata yeye kupima malizio bila kutupigia simu.

Kuna mtu mwingine ambaye bila yeye ofisi ingekuwa imefungwa zamani, naye hajawahi kuchora chochote. Ni dada wa hesabu. Aliajiriwa kupokea simu na kupanga mafaili. Baada ya kutuangalia kwa muda akaona jambo ambalo wasanifu wengi hatupendi kuliangalia. Kazi yetu huenda kwa hatua: mawazo ya awali, usanifu wenyewe, michoro ya kina, zabuni, halafu usimamizi wa ujenzi. Mteja huchangamka zaidi mwanzoni, anapoletewa picha ya nyumba yake ikiwa na miti na watu wanapita mbele. Lakini saa zetu nyingi huishia kwenye michoro ya kina, ile ya dirisha linavyokaa ukutani na maji ya paa yanavyoshuka. Kwa hiyo furaha ya mteja iko mbali na jasho letu, na malipo hufuata furaha. Akishaipata ile picha, wapo wanaopotea kabisa.

Dada alipendekeza hatua isianze kabla iliyotangulia haijalipwa. Tulibishana. Mzee alihofia tutaonekana hatuwaamini watu. Dada akatundika karatasi ukutani, karibu na mlango wa chumba cha mikutano, yenye mstari mmoja tu: ofisi inaweza kulipa mishahara miezi mingapi endapo kuanzia leo haitaingia hata senti. Kila mwisho wa mwezi anaifuta namba na kuandika nyingine. Hakuhitaji kubishana tena.

Namna anavyoongea na wateja ningependa ifundishwe vyuoni. Alikuja mtu mzima mmoja, mwenye haraka, anataka mafaili yote ya michoro siku hiyohiyo kwa sababu mkandarasi wake anasubiri. Malipo ya hatua mbili yalikuwa hayajafika. Dada akamkaribisha kiti, akamfungulia michoro kwenye meza kubwa, akampitisha ukurasa kwa ukurasa: hapa mama alitaka jiko lisogee, tumesogeza, hapa uliuliza habari ya tangi, liko hapa. Alipomaliza akasema kwa upole kabisa, "Baba, kazi yako imekamilika na unaiona. Kilichobaki ni upande wako." Mtu yule hakununa. Alilipa wiki ileile, na baadaye akatuletea ndugu yake.

Kazi za mjini zina mtu mmoja ambaye hayumo kwenye mkataba wowote lakini anaweza kuusimamisha mradi: jirani. Ukichimba msingi karibu na ukuta wake, udongo ulioushikilia ukuta ule kwa miaka unauondoa. Nasema kwa msisitizo, kwa kuwa nimeona ofisi zikiliruka jambo hili: kabla jembe la kwanza halijagusa ardhi, nenda kwa jirani, omba kupita chumba kwa chumba, na uandike kila ufa.

Tulipokuwa tunajenga kwenye kiwanja kimoja chembamba, jirani yetu alikuwa bibi anayeishi peke yake. Nilikwenda na kijana wa mafunzo, yeye na kamera, mimi na penseli. Bibi alitutangulia kila chumba. "Huu ni wa zamani, marehemu aliuziba mara mbili. Huu sijui ulikuja lini." Kila ufa tulitia alama mwanzo wake na mwisho wake, tukaandika tarehe pembeni ukutani kwa ruhusa yake, tukapiga picha na rula ikiwa imewekwa kando ili upana uonekane. Kwenye miwili iliyotutia wasiwasi tulibandika kipande chembamba cha kioo kikivuka ufa. Ukuta ukisogea hata kidogo, kioo hupasuka. Nakala ya taarifa yote tukampa yeye, imesainiwa.

Mhandisi wa miundo alitaka msingi wa pembeni uchimbwe vipande vifupi vya takriban mita moja, kwa kupishana: kipande kinachimbwa, kinajazwa zege, kinakomaa, ndipo kinaguswa kingine ambacho si jirani yake. Mkandarasi alilalamikia muda. Lakini bibi kila asubuhi alitazama vioo vyake, na ikawa yeye ndiye anayetupa taarifa. Siku moja alituita kwa ufa mpya juu ya mlango. Tulifungua picha tukaukuta upo, upana uleule. Akaangalia picha, akaangalia ukuta, akasema sawa wanangu. Bila zile picha sijui tungemjibu nini, na angekuwa na haki ya kutotuamini.

Kuhusu kukua, tumejadiliana miaka mingi na msimamo wangu unajulikana ofisini. Kuna wakati tulipata kazi kubwa kutoka kwa wawekezaji fulani, majengo kadhaa kwenye eneo moja. Tukaajiri, tukakodi chumba cha pili. Kwa miezi kadhaa ofisi ilijaa watu ambao hawakuijua saiti hata moja, maana kazi ilikuwa ya kuzalisha michoro mfululizo na waliokwenda saiti walikuwa wengine. Halafu wawekezaji wakasimamisha mradi kwa barua ya aya mbili, wakiwa wanadaiwa. Wabia walikaa bila mshahara ili wengine walipwe, na watu wazuri waliondoka. Ile namba ya dada ukutani ilishuka mpaka akaacha kuiandika kwa wino. Tuliponyanyuka tukawekeana mpaka: mteja mmoja asizidi theluthi ya mapato yetu ya mwaka. Kwa mpaka huo tumekataa kazi ambazo wengine wangezirukia.

Wapo wanaoona huku ni kujinyima. Mimi huwaonyesha Glenn Murcutt wa Australia, ambaye kwa sehemu kubwa ya maisha yake alifanya kazi peke yake, akakubali watu wamsubiri, na mwaka 2002 akapewa Pritzker. Peter Zumthor aliipata mwaka 2009 akiwa na ofisi ndogo katika kijiji cha Haldenstein, Uswisi. Ila mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Anne Lacaton na Jean-Philippe Vassal wa Ufaransa. Mwaka 1996 jiji la Bordeaux liliwapa kazi ya kuupendezesha uwanja mdogo uitwao Place Léon Aucoc. Wakaenda wakakaa pale, wakaongea na wakazi, wakaona uwanja ni mzuri kama ulivyo. Ushauri wao ukawa kutojenga kitu: miti itunzwe, kokoto ibadilishwe, usafi ufanywe mara kwa mara. Mwaka 2021 nao wakapewa Pritzker. Ushauri wa namna ile haukupi ada kubwa. Ofisi yenye mishahara mingi ya kulipa mwisho wa mwezi ingeutoa kwa shida sana.

Sisi tuliwahi kuukaribia. Mteja alirudi baada ya miaka mingi akitaka kubomoa nyumba tuliyomjengea ili ajenge ya ghorofa tatu. Mchoraji akaenda kwenye kabati la ramani, ambalo hulipanga mwenyewe na hapendi liguswe, akarudi na michoro ya msingi na hesabu za mhandisi. Msingi ule ulikuwa umekadiriwa kubeba ghorofa mbili zaidi tangu mwanzo, kwa kuwa wakati ule mwenye nyumba mwenyewe alisema watoto wataongezeka, akasahau. Mhandisi akakagua nguzo na zege upya, akaridhika na ghorofa moja juu, hakuridhika na mbili. Nyumba haikubomolewa. Mteja aliokoa fedha nyingi, sisi tukapata ada ndogo kuliko ambayo tungepata, na nyumba ile naipita mara kwa mara nikienda kazini.

Sasa tuko kwenye jambo gumu kuliko yote niliyoyataja: Mzee anapumzika. Anakuja siku chache kwa wiki, na hisa zake anaziuza kidogokidogo kwetu tuliobaki, dada wa hesabu akiwemo. Makaratasi hayakutusumbua. Kazi ipo kwa wateja wa zamani, wale ambao tatizo likitokea simu yao huenda kwake moja kwa moja. Kwa hiyo amekuwa akituchukua mmoja mmoja, tunakwenda kwenye jengo husika, tunapanda hadi paani, anamwonyesha mwenye jengo kwamba huyu ndiye aliyechora hapa na huyu ndiye utakayempigia. Baadhi wameanza kunipigia. Wengine bado humpigia Mzee, naye hunipigia mimi, nami sioni sababu ya kuwaharakisha.